Dunia Tuliizunguka kwa Mbalamwezi

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ng'ombe wa baba walikufa wote, na baba akawafuata kabla mahindi hayajabeba. Hapo ndipo shida ilipoanza. Niliacha shule darasa la tatu, nikatolewa kwetu Magu, nikapelekwa kwa shangazi yangu ziwani. Alinipa ufagio na ungo, akasema kazi ni hii. Kazi ilikuwa kuanika samaki. Sikulia. Nilie nani anisikie? Shangazi alikuwa na watoto wake wa kulia.

Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue anasoma maneno ya nani. Mimi si msomi. Kiingereza changu kinatosha kukataa bei, basi. Lakini nimekanyaga Bujumbura, Lubumbashi, Dubai, Guangzhou, Istanbul, Yerusalemu na Misri, kwa nguvu ya dagaa, na kila nilipokanyaga kulikuwa na mtu mmoja pembeni yangu. Safari hizo sikwenda na mume wala na mtoto. Nilikwenda na Mjita.

Jina analo, ila mimi namwita Mjita na yeye ananiita Msukuma, na tumeshazoea hivyo. Tulikutana mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikiwa mwanamke mzima nimeanza kujitegemea. Yeye alikuwa amefika siku hiyo hiyo kutoka upande wa Mara, mtoto mgongoni, beseni kichwani. Nilikuwa nimeamka mapema nikafagia mchanga wangu wa kuanikia, ukawa safi kama meza. Nilipokwenda kuchukua dagaa na kurudi, nikamkuta ameshamwaga wake.

"We mama, huu mchanga nimeufagia mimi!"

"Kwani umeuzaa?"

"Nimeufagia, nasema!"

"Nimeona. Umefagia vizuri, asante."

Nikamwaga dagaa wangu hapo hapo kando ya wake, kwa hasira, nikaacha njia nyembamba katikati. Mchana wingu likaja ghafla kama linavyokuja ziwani, halikupiga hodi. Tukakimbia wote wawili kuzoa. Nani angechagua dagaa wa nani wakati matone yanaanguka? Tulizoa chochote, tukasukumia kwenye magunia, tukaburuta chini ya paa la mabati. Mvua ilipokatika tukafungua magunia tukatazamana. Dagaa ni dagaa, hana muhuri. Wamechanganyika!

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa tuuze pamoja," akasema. "Au unataka tuwaulize wenyewe?"

Tumeuza pamoja mpaka leo.

Ili unielewe safari zetu, lazima nikueleze dagaa anavuliwaje. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaifuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina kazi, maana ziwa zima limeshawaka. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za giza, ambazo mwalo mzima hauketi, na kuna siku za mbalamwezi, ambazo mitumbwi inalala juu ya mchanga na wavuvi wanashona nyavu na kugombana. Gizani siondoki mwaloni hata kwa harusi. Mbalamwezi ikitoka, mimi na Mjita tulikuwa watu huru.

Wengine siku hizo walikwenda kusuka nywele. Sisi tulipanda lori.

Safari ya kwanza ilikuwa Bujumbura, juu ya magunia yetu wenyewe, tumejifunika turubai, tunaimba nyimbo za kanisani kwa sauti mpaka dereva akasimamisha gari kutuomba tunyamaze. Nilipoliona Ziwa Tanganyika nilishikwa na wivu kabisa. Nilidhani ziwa ni letu peke yetu! Mjita akalitazama muda mrefu akasema, "Kumbe Mungu ana mengi. Twende tukayaone." Kwake hiyo ilikuwa kama kiapo. Tangu siku ile, tukimaliza kuuza, tukilipa ada za watoto, tukinunua magunia mapya, kilichobaki kilikuwa cha kwenda.

Tulipoanza kupanda ndege, tukaenda kwenye ofisi ya tiketi pale Nyamagana. Binti wa ofisini, mpole, kucha ndefu, akatuuliza, "Shikamooni mama zangu. Mnaondoka tarehe ngapi?"

"Marahaba. Mwezi ukijaa," nikasema.

"Mwezi upi, mama? Wa sita, wa saba?"

"Mwezi wa juu."

Akacheka, akatazama mashine yake. "Mama, humu hakuna sehemu ya mwezi wa juu."

"Basi inama dirishani," Mjita akamwambia. "Uliopo sasa hivi ukifa, ukazaliwa mwingine, ukaanza kunenepa, hapo tuandike. Na kurudi, tuandike kabla haujaanza kuchelewa kutoka."

Yule binti alituzoea. Baadaye akawa anatupigia simu mwenyewe: "Mama, mwezi wenu unajaa Ijumaa, nishike nafasi?" Ndivyo tulivyoizunguka dunia. Mji wowote niliokwenda, niliukuta na mwezi mkubwa juu yake. Dubai ilikuwa inang'aa juu na chini. Yerusalemu tuliiona nyeupe kama chumvi. Kwa miaka yote hiyo sikujua miji ya watu inafananaje gizani, na wala sikujiuliza.

Guangzhou ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Tulikwenda kununua vitenge na vyombo, lakini tukapotea njia tukaingia kwenye soko la samaki wakavu. Mama yangu! Magunia kwa magunia! Na katikati kuna wanawake wa umri wetu, wameketi kwenye vigoda, wanachambua. Mjita hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja, akachota kiganja, akafinya, akaweka sikioni. Dagaa aliyekauka vizuri analia kama majani makavu. Mwenye meza akamtazama. Mjita akatikisa kichwa: bado, huyu ana maji. Akachota gunia la pili, akafinya, akasikiliza, akainua kidole gumba. Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Wakatuletea vigoda na chai isiyo na sukari, tukakaa nao tukachambua mpaka jioni, hakuna hata neno moja tuliloelewana, na nawaambia sijawahi kupiga soga namna ile. Vitenge tulikwenda kununua kesho yake.

Sasa nifike Istanbul, maana huko ndiko furaha ilikojikwaa.

Mwaka huo viza zilichelewa. Tulipozipata mwezi ulikuwa umeshaanza kuisha, na binti wa tiketi akasema tusipokwenda zinakufa. Mvua ilikuwa nyingi Mwanza, dagaa haba, nikasema twende. Tulikuwa tunatoka dukani saa moja jioni, tunarudi tulikofikia, na barabara ile ina mwinuko na ngazi za mawe. Mjita akashika pindo la kitenge changu.

"Unanivua nguo," nikamwambia.

"Nakushika usipotee. Nyie Wasukuma mkiona ng'ombe mnafuata."

Nikacheka. Tukafika kwenye ngazi. Ngazi mimi naiona, taa ya duka ipo kule mbali, mwanga ni hafifu lakini unatosha. Yeye akatembea kama vile chini ni tambarare. Akaanguka ngazi nne, mzigo kule, kilemba kule. Nilipomfikia alikuwa ameketi, anapapasa jiwe kwa viganja kama mtu anayetafuta sindano.

"Hukuziona?"

Akaendelea kupapasa.

"Mjita, tangu lini?"

"Tangu kitambo," akasema. "Mchana naona katikati, pembeni hakuna. Jua likizama, hata katikati hakuna. Nilikuwa nasafiri na wewe kwa sababu ya mbalamwezi. Mwezi umenisitiri."

Nilitaka kumpiga. Kweli, nilitaka kumpiga pale pale barabarani. Badala yake nikamfunga kilemba chake, nikabeba mizigo yote miwili.

Tuliporudi Mwanza tukaenda kwa daktari wa macho. Akasema ni presha ya macho. Akatoa dawa ya matone, akasema itazuia yaliyobaki yasiende haraka, lakini yaliyokwenda hayarudi, na hata hayo yaliyobaki hana uhakika nayo. Mjita akamsikiliza vizuri, akashukuru, akatoka nje. Tulipokaa kwenye benchi akaniambia, "Nataka mto."

Nilijua mto gani. Siku zile za mwanzo, alikuja mwalimu mmoja kununua dagaa, akatuambia maji ya ziwa hili yanamwagika nje kule Uganda, yanakuwa mto, yanakwenda mpaka Misri yanaingia baharini. Mjita akaamini palepale. Mimi nikakataa. Ziwa naliamka nalo kila siku, halijaondoka, litakwendaje Misri? Tulibishana miaka yote. Akisikia mahubiri ya Musa kwenye kisafina ananikanyaga mguu kanisani: "Maji yetu hayo! Mtoto kaelea kwenye maji ya Mwanza!" Tulikubaliana kwamba siku tutakayokwenda, atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo, mbele za watu. Amenizidi masika mawili tu, sijawahi kumpa shikamoo, na amekuwa akiidai kama haki yake.

"Nataka nikauone ule mto unapoishia," akasema, "nikuone na wewe unavyoaibika. Hayo mawili. Baada ya hapo macho yafunge tu."

Kijana wake mkubwa, anayefanya kazi Dar, alikuja kwangu Kiseke na shati la ofisini. "Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Kaa."

"Mama haoni. Sasa huko Misri anakwenda kuona nini?"

"Anaona katikati."

"Mama mdogo, ukimpoteza?"

"Wewe ulipopotea mwaloni ukiwa na miaka mitatu, nani alikuokota? Mama yako alikuwa anauza, mimi ndiye niliyekuona umelala ndani ya mtumbwi. Mimi sipotezi vitu vya familia hiyo."

Akanywa soda, akamaliza, akasema basi nimpigie simu kila siku. Ni mtoto mzuri.

Kikwazo kikabaki kimoja, na hiki kilikuwa changu. Binti wa tiketi akapiga simu, sauti imepoa: nafasi iliyopatikana inaangukia giza. Giza lenyewe kubwa, dagaa wanene, mwaka ule walikuwa wanakuja kama mchanga. Mjita aliposikia akasema, "Tusubiri mbalamwezi. Huwezi kuacha mwalo gizani." Alisema kwa utaratibu, na alimaanisha. Nikamtazama. Alikuwa anatazama mlango, lakini kidogo tu pembeni ya mlango, na hakujua.

Mimi sijawahi kuacha mchanga wangu gizani. Niliposhikwa na uchungu wa mwanangu wa pili nilikuwa naanua. Nilipomzika mume wangu, siku ya matanga kwisha nilirudi kuanika. Nikampigia binti simu nikamwambia, "Andika."

"Mama, ni giza."

"Andika, nimesema!"

Mchanga nikamwachia mkwe wangu, mke wa mwanangu. Nikampa maneno mengi sana kuhusu mawingu, akaitika yote, na nikajua hatakumbuka hata moja.

Kwenye uwanja wa ndege wa Misri walifungua begi letu. Tulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na mfuko wa dagaa, kama kawaida yetu, maana chakula cha watu hatukiamini siku ya kwanza. Yule askari akafungua mfuko, dagaa wote wakamtazama kwa vijicho vyao. Akarudi nyuma hatua moja. Mjita akanifinya: "Mwambie ni macho yangu ya akiba." Nilicheka mpaka askari naye akacheka bila kujua anacheka nini, akafunga mfuko, akatupungia tupite.

Kutoka Kairo tulichukua gari, saa nyingi, mashamba ya mpunga pande zote kama uko Magu. Nilikuwa namwambia Mjita: kuna punda, kuna mwanamke kabeba majani, kuna mfereji, kuna punda tena. "Punda umeshamsema," ananijibu. Tukafika mji uitwao Ras el-Bar, mwisho kabisa wa nchi kavu, jua bado liko juu. Kuna mahali ardhi inachongoka kama ulimi. Mkono mmoja mto, mkono mwingine bahari. Watu wanakaa hapo na watoto wao wanakula mbegu za alizeti, kama vile si kitu!

Nilimsimamisha kwenye ncha. Macho yake yalikuwa kama mtu anayechungulia kwenye bomba, kwa hiyo nikamshika kidevu nikakigeuza polepole.

"Hapa ndio mto."

"Nauona. Wa kahawia."

"Hapa ndiyo bahari."

"Ya buluu. Naiona. Rudisha." Nikarudisha. "Peleka tena." Nikapeleka. Nilikigeuza kidevu chake kule na huku mpaka mkono ukachoka, na yeye anapiga vigelegele, mwanamke mzee, kilemba kimelegea, watu wanageuka kutuangalia. Na mimi nikapiga! Ningefanyaje?

Kisha akataka kuonja. Nikamshikilia kiunoni, akainama upande wa mto, akachota, akaweka mdomoni. Uso ukabadilika. Nikachota na mimi. Yana chumvi.

"Ahaa!" nikasema. "Mjita, haya si yetu! Ya kwetu hayana chumvi. Toa shikamoo yangu."

Akafikiri. "Yametembea toka Mwanza mpaka hapa," akasema, "jua lote hili, hayajaoga. Na wewe ungetembea tukulambe tuone."

"Hapana. Umeshindwa."

"Sijashindwa."

Wakati huo simu ikalia. Ni mkwe wangu, analia: mvua imenyesha asubuhi, dagaa wa siku mbili wameloa wote. Nikamwambia awauzie watu wa kuku, anyamaze, niko kazini. Nikakata.

Nilipoinua macho ndipo nililiona. Lilikuwa linashuka na mto, upande wa kushoto kwetu, kichaka kidogo cha kijani, majani yenye tumbo, na ua moja la zambarau. Gugumaji. Yeyote wa Mwanza anayekumbuka miaka ile lilipofunika ziwa, mitumbwi ikashindwa kutoka, analijua hata akiwa usingizini. Tulilichukia gugu lile kama deni. Na sasa hili hapa linaelea kwenda baharini, peke yake, kama mzee anayekwenda kliniki.

Mjita hakuliona. Lilikuwa pembeni, kule ambako yeye hana kitu. Maji yalikuwa yanalibeba haraka. Ningenyamaza kidogo tu, lingepita, na shikamoo ingekuwa yangu mpaka kaburini. Labda limeota huko huko Misri, sijui, sina elimu ya kubishana na gugu.

Nikamshika kidevu, nikakigeuza kushoto.

"Tazama chini. Linakuja. Hapo."

Akalifuata kwa kichwa, nikalifuata naye kwa mkono, mpaka likaingia kwenye maji ya buluu na kuanza kuzungushwa na mawimbi.

"Msukuma," akasema, "umeliona wewe kwanza?"

"Nimeliona."

"Na umenionyesha."

"Usinichoshe," nikamwambia. Nikapiga goti kidogo, mbele ya wale watu na mbegu zao za alizeti. "Shikamoo."

"Marahaba!" Aliitikia kwa sauti mpaka mtoto mmoja akadondosha mfuko wake. "Marahaba, mdogo wangu! Hujambo? Watoto hawajambo? Ng'ombe je?" Alinisabahi salamu za miaka arobaini pale pale, na mimi nikaitika zote.

Jicho lake la kulia limekwisha sasa. La kushoto bado linaona kiasi, kama tundu la ufunguo. Mimi namweleza vitu na yeye ananikosoa: nimesema punda mara mbili, nimesahau kusema rangi, nimeruka harufu. Kabla ya hapo sikujua kwamba kutazama ni kazi inayotaka bidii. Nimejifunza uzeeni.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali Kiseke, vyumba vitano, kimoja ni cha Mjita na kamba ya kushikia kutoka mlangoni hadi chooni. Shamba la mpunga Magu, palepale walipofia ng'ombe wa baba. Ng'ombe tisa. Mitumbwi miwili ya dagaa na injini zake. Chanja za kuanikia, maana siku hizi siwaaniki mchangani. Watoto wanne, wote walisoma. Pasi za kusafiria tatu zilizojaa na moja yenye kurasa. Begi jekundu la magurudumu, mpini umefungwa kwa waya. Viganja vyenye magamba. Macho mawili mazima. Na tiketi mbili za kwenda Zambia, kuyaona maporomoko. Tunaondoka wiki ijayo, katikati ya giza.